Shule Ndogo za Milimani na Hesabu ya Shilingi 6,000

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, nilikaa kwenye kikao cha wazazi katika shule moja ya msingi huku Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Watoto 180. Mwalimu mkuu alifungua daftari la mapato na matumizi akatusomea mstari kwa mstari: umeme, chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha stoo. Ruzuku yote ya mwezi ni shilingi 90,000; haitoshi, ndipo ikaja hoja ya wazazi kuchangia. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akauliza, "Mwalimu, si tuliambiwa elimu ni bure?" Kikao kilikaa kimya.

Swali lake ni la haki. Tangu Januari 2016, Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipoanza kutekelezwa, serikali ndiyo inayobeba ada na gharama za uendeshaji. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 huja shuleni. Elfu kumi hiyo ni ile ile ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ya mwaka 2002. Ream ya karatasi haijabaki na bei ya 2002.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, na sitaki kuipuuza. Fedha sasa huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mzazi anaweza kuiulizia kama tulivyofanya siku ile. Watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango walirudi darasani. Tena wanasema mzazi akichangia kidogo anaiona shule kuwa yake. Kwa chakula nakubaliana nao kabisa: huku mahindi na maharage yapo, debe moja baada ya mavuno halimwangushi mtu, na mtoto aliyekula makande saa sita hasinzii saa nane.

Lakini chaki si makande. Mchango wa fedha taslimu unamkuta mjane na mwenye shamba la chai kwa kiwango kimoja, na asiyenacho huona aibu kufika kikaoni.

Jambo linaloniuma zaidi ni kugawa kwa kichwa. Shule ya Mbeya mjini yenye wanafunzi 1,500 hupata 750,000 kwa mwezi. Nayo ina shida zake, maana darasa linalotakiwa kuwa na watoto 45 limefurika. Hata hivyo, nauli ya mwalimu kwenda halmashauri haipungui kwa sababu shule ni ndogo. Kutoka milimani ndiyo kwanza inapanda. Ndiyo maana naona kila shule ipewe kwanza kiwango cha msingi cha uendeshaji, kisha hesabu ya vichwa ifuate juu yake.

Wapo watakaosema shule ndogo ziunganishwe, fedha zisitawanyike. Kwenye tambarare, pengine. Huku kwetu kijiji na kijiji vinaonana kwa macho, katikati kuna bonde na mto unaofurika Machi. Shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama, zilijengwa kwa sababu hiyo hiyo, ili mtoto wa miaka saba asivuke mto peke yake alfajiri.

Kikao kilikubaliana debe la mahindi kwa kila kaya. Kitasa cha stoo kikasubiri ruzuku ya mwezi unaofuata.