Lipi Liuzwe, Lipi Libaki: Magari ya Porini ya Mzee

Familia nyingi za Nairobi zilizojaliwa mzee mpenda magari ya porini hufika, kama yetu ilivyofika, mahali pa kuamua yapi yauzwe na yapi yabaki. Katika ua wetu wa Lang'ata yamo sita, yote yakivuta kwa magurudumu manne na yote yakiwa na miaka mingi: Land Rover Series IIA fupi ya mwaka 1967, Land Rover Series III ndefu ya 1981, Range Rover ya milango miwili ya 1973, Toyota Land Cruiser FJ40 ya 1978, Suzuki SJ410 ya 1984 na Land Rover 110 ya dizeli ya 1996. Baba yetu yungali nasi, ila mikono yake haiwezi tena kukaza nati, na sehemu ya ua itajengwa nyumba, hivyo nafasi itakayobaki ni ya magari manne. Kaka yangu anashikilia kwamba yauzwe yenye bei kubwa, na fedha hizo ziyatunze yatakayosalia. Dada yetu anashikilia kwamba yenye bei kubwa ndiyo hasa yasiyofaa kuguswa. Hoja zote mbili zina uzito, lakini zote mbili zinaanza na bei, nami naamini kwamba katika nchi yetu bei si mahali pa kuanzia.

Swali la kwanza kwangu ni kama gari likishaondoka laweza kupatikana jingine la namna yake humu nchini. Mwingereza akiuza Series IIA kisha akajuta, hatakosa nyingine, kwa sababu kwao ziko nyingi na hakuna sheria inayomzuia kuagiza moja kutoka ng'ambo. Kwetu, kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Land Rover na Land Cruiser za miaka ya 60 na 70 tunazoziona barabarani ni masalia ya zile zilizoingia zamani zikiwa bado changa au zilizounganishwa hapa, zikatumikia serikali, mashamba, misheni na kambi za watalii, kisha zikaangukia mikononi mwa watu kama baba yetu. Kila moja inayopandishwa meli Kilindini hupunguza idadi hiyo, na hakuna inayokuja kuziba pengo lake.

Hili linampa dada nguvu kubwa. Hata hivyo lina upande wa pili ambao yeye hapendi kuusikia, nao ni kwamba gari lisilopatikana tena laweza pia kuozea hapa hapa uani. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, kwa kuwa ilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao Uingereza baada ya vita, na ndiyo maana mabati ya IIA ya mzee yangali yamenyooka hadi leo. Fremu iliyo chini yake lakini ni ya chuma, tena ina uwazi ndani, na tope la udongo mweusi wa Kajiado likishaingia humo hushika unyevu kwa muda mrefu. Ukilala chini ya gari ukagonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya trela, upande wa kulia unalia kama chuma kinavyopaswa kulia. Upande wa kushoto unatoa sauti nzito iliyokufa, na magamba ya kutu yanakuangukia kifuani. Boriti hiyo inataka fedha na fundi wa kuchomelea mwaka huu. Fedha hizo hatuna, ila kwa kuuza kitu. Hapo kaka yuko sahihi kabisa, na anayesema tusiuze chochote anasema, hata kama hakukusudia, tuyaache yote yafe polepole kwa pamoja.

Range Rover ndiyo ninayoiamulia nikiwa na uhakika zaidi. Ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa kitu kipya kabisa: injini ya V8 ya lita 3.5 iliyotokana na muundo wa Buick wa Marekani, springi za koili mbele na nyuma, breki za diski kwenye magurudumu yote, na mvuto wa magurudumu manne usiozimwa. Katika barabara ya mawe hakuna gari letu linalopita kwa utulivu kama hilo, nami nitalikumbuka. Lakini chini ya ngozi yake ya alumini kuna mifupa ya chuma myembamba kuliko ya ndugu zake, na pale metali hizo mbili zinapokutana, hasa penye sakafu ya mbele na fremu ya mlango wa nyuma, moja huila nyingine. Kabureta zake mbili zinahitaji kulinganishwa na fundi anayezielewa, na kwa mwinuko wa Nairobi, ambao unakaribia mita 1,700, anayezirekebisha kwa vipimo vya kitabu cha kiwandani huishia na injini inayokunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Mafundi waliozoea V8 hiyo ni wachache na wanazeeka. Gari la aina hii likisimama huharibika kuliko likitembea, na letu limesimama.

Kwa kigezo changu cha kwanza Range Rover isingeuzwa, maana za milango miwili humu nchini ni nadra. Nakiri kwamba hapa kigezo kinanishinda, na ndiyo maana siwezi kukitumia peke yake. Lazima kiandamane na cha pili: je, sisi, kwa mifuko na mikono tuliyo nayo, tunaweza kulitunza? Range Rover inahitaji mwenyewe mwenye gereji kavu na subira ya miaka, na kati yetu hakuna. Usukani wake uko kulia, hivyo Waingereza wangeichukua mara moja, hasa kwa kuwa kwao gari lililotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara na pia tozo ya moshi ya London. Ningependa hata hivyo itangazwe kwanza miongoni mwa Wakenya wanaoshindanisha magari yao kwenye Africa Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na tukubali kupunguziwa bei kidogo ili ibaki nchini. Kaka anaona huko ni kutupa fedha. Mimi naona ni gharama halali, mradi punguzo lenyewe lisifikie kiasi cha kutunyima fremu ya IIA.

Ugomvi wetu wa kweli uko kwenye FJ40. Ndilo gari la bei ya juu kuliko yote, na hoja ya kaka ni nzito: Marekani huruhusu gari lililopita miaka 25 kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama vya magari mapya, na huko FJ40 zilizokarabatiwa vizuri hupita dola 50,000 mnadani. Letu halijakarabatiwa, lakini ni zima, na hata sehemu ya bei hiyo ingetosha kumaliza kazi zote za ua wetu. Anaongeza jambo ambalo sijalipatia jibu kamili: wanunuzi wanaozitamani Land Cruiser za mfululizo wa 40 ni watu waliokua nazo, na watu hao wanazeeka. Vijana wa Nairobi wenye fedha leo wanatafuta mfululizo wa 70 na wa 80. Inawezekana basi kwamba bei ya sasa ndiyo kilele, na kwamba anayesubiri atauza kwa nusu.

Pamoja na hayo, nasema FJ40 ibaki. Kulikosa ni hasara kubwa isiyorudishika, na kulitunza ni kazi ndogo kuliko magari mengine yote isipokuwa Suzuki. Injini yake ya silinda sita, lita 4.2, haina siri. Fundi yeyote wa Industrial Area aliyezoea Toyota za zamani ataifungua na kuifunga bila kuuliza. Vipuri vingi vidogo vinapatikana Barabara ya Kirinyaga, na mwaka 2021 Toyota yenyewe ilitangaza kwamba itatengeneza upya vipuri vya mfululizo wa 40, jambo ambalo kwa gari lililokoma kuundwa mwaka 1984 ni neema. Udhaifu wake uko kwenye bodi, ambayo ni ya chuma tupu na huoza kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma, lakini kazi ya bati ndiyo kazi ambayo mafundi wa jua kali wa Nairobi wanaiweza kwa ustadi na kwa bei nafuu. Kuuza gari tunaloweza kulitunza ili kuokoa tusiyoyaweza ni kupanga mambo kinyume.

Tunalopaswa kuuza, kwa maoni yangu, ni lile ambalo wote watatu tulidhani halimo kwenye mjadala, yaani 110. Najua uchungu wake. Injini yake ya 300Tdi, dizeli ya turbo isiyo na kompyuta, imetupeleka kaskazini mwa nchi na kuturudisha, na kila mara gari jingine lilipokwama ndilo lililotumwa kulivuta. Kaka anasema kuuza gari linalofanya kazi na kubaki na yasiyofanya kazi ni wazimu, na kwa mtu mwenye gari moja maneno yake yangekuwa ya hekima. Lakini 110 ziko bado nyingi katika mashamba ya Laikipia na kwa wenye kampuni za utalii, na atakayelitaka tena baada ya miaka mitano ataweza kulinunua bila kutoka nchini. Bei yake ni nzuri kwa sasa, kwa kuwa kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kiliacha kuunda muundo huo tarehe 29 Januari 2016, na gari la 1996 lilishatimiza miaka 25 inayotakiwa na Wamarekani. Linauzika haraka, linaweza kurudishwa, na thamani yake inalipa fremu mpya ya IIA iliyopakwa zinki, ya aina ambayo bado inatengenezwa Uingereza, pamoja na usafirishaji na ushuru. Hakuna jingine lenye sifa hizo tatu kwa pamoja.

Kazi ya kusafiri mbali itachukuliwa na Series III ndefu. Hili ndilo gari ambalo soko la nje halilithamini, kwa sababu mzee aliiondoa injini yake ya petroli na kuweka ya Isuzu ya dizeli, kama walivyofanya wenye Land Rover wengi nchini bei ya mafuta ilipowalemea. Kwa mnunuzi wa Ulaya gari hilo limeharibiwa uasili wake. Kwangu mimi huo ndio uasili wake: liliunganishwa Thika katika kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya, ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, likabadilishwa injini na fundi Mkenya, na likafanya kazi ya Kenya. Hadithi hiyo haiwezi kununuliwa mnadani kokote, na kwa kuwa bei yake ni ndogo, kulibakiza hakutunyimi kitu. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba mabadiliko ya injini yameandikwa kwenye hati ya umiliki, la sivyo siku ya ukaguzi namba hazitalingana.

Suzuki halina mjadala mrefu. Halichukui nafasi, injini yake haifiki hata lita moja, na wajukuu wa mzee wanajifunzia udereva humo. IIA nayo ni ya mzee kabla ya kuwa ya mkusanyiko. Alikwisha kusema anataka kuiona ikitembea, na madhali yeye ndiye mwenye mali, sauti yake si hoja moja miongoni mwa hoja zetu.

Gharama za kuweka magari haya zisipuuzwe. Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu, kwa hiyo tunalipa ya mtu wa tatu na kubeba hatari nyingine wenyewe. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya kila gari. Uliondolewa baada ya maandamano, lakini mwenye magari sita hawezi kusema kwamba wazo hilo halitarudi.

Kuhusu wakati, jambo moja linapita yote niliyoyataja, nalo ni zito kulisema mbele ya mzazi. Uhamisho wa umiliki hufanywa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa akaunti ya mwenye gari mwenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Akiwa hayupo tena, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatudai kibali cha mahakama kabla ya kuuza hata Suzuki, na miezi ya kungoja kibali ni miezi ya kutu. Tulilizungumza na mama kwanza, naye akalifikisha kwa mzee kwa namna yake. Hati za Range Rover na 110 ziko kwa jina lake na ziko safi, hivyo hizo mbili zinaweza kutangazwa mara moja. Ya FJ40 ingali kwa jina la shamba lililomuuzia, ambalo halikuwahi kukamilisha uhamisho, na kulitafuta shamba hilo ndiyo kazi aliyojitwika kaka. Akifaulu, tutakaa tena wote watatu, na atakuwa na haki ya kuniuliza upya kwa nini nakataa bei ile.