Kabla hujatoa hadubini, uliza kama wana balbu

Huu ni mwaka wa nne nikijitolea kila Jumamosi katika asasi ndogo inayofundisha watoto sayansi kwa vitendo. Nilipofika mara ya kwanza, kabatini mlikuwa na hadubini sita za msaada. Zote zilikuwa nzima, ila balbu zake zilikuwa zimeungua. Aliyezitoa alitoa kwa moyo safi, sina shaka, lakini balbu za akiba hakuna aliyezifikiria. Watoto wakamaliza muhula mzima wakinakili seli ya kitunguu kutoka ubaoni, na kabati lile liko nyuma ya migongo yao.

Tangu hapo nimekuwa mkaidi kwenye jambo hili: ukitaka kuisaidia asasi ya sayansi iliyo karibu nawe, toa fedha kidogo kila mwezi, tena usiifunge kwa masharti. Sayansi ya vitendo inakula vitu. Karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi, hutumika mara moja. Utepe wa magnesi ukishawaka, umebaki jivu jeupe. Vioo vyembamba vya kufunikia sampuli huvunjika mikononi mwa watoto, na acha vivunjike, kwa sababu mtoto anayekatazwa kugusa atajifunza nini? Halafu kuna betri, nauli ya wakufunzi, pango la chumba. Wafadhili wakubwa hupenda kitu cha kubandika jina, na betri haibandikwi jina. Agizo la kudumu benki, yaani benki ihamishe fedha yenyewe kila mwezi, hata la kiasi ambacho hutasikia kimetoka, humwezesha mratibu kupanga vipindi vya mwaka mzima bila kuomba omba kila mwezi.

Ukiwa na vitu badala ya fedha, piga simu kwanza. Nasema hivi hasa kwa wenye maabara wanaosafisha stoo zao. Asidi ya pikriki ikikauka inaweza kulipuka kwa kutikiswa tu. Etha, kimiminika cha kuyeyushia vitu, ikikaa muda mrefu hujenga peroksaidi, kemikali zinazoweza kulipuka vilevile. Kipimajoto cha zebaki kikipasuka darasani, kipindi kimeisha na chumba lazima kifungwe. Kuviteketeza salama vitu hivyo kunagharimu fedha ambazo asasi haina, kwa hiyo ulichokiita msaada kinakuwa deni.

Kuna msaada mwingine ambao watu huudharau: kumfungulia mtoto mlango. Mwaka 1812 kijana mmoja wa London, mwanagenzi wa kujalidi vitabu, alipewa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya jijini humo. Aliyempa alikuwa mteja wa duka alikofanyia kazi. Kijana akaandika kila alichosikia, akayajalidi maandishi yake, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata aliajiriwa humo kama msaidizi wa maabara. Jina lake Michael Faraday, na mwaka 1831 aligundua jinsi sumaku inayosogea inavyozalisha umeme kwenye waya, kanuni ambayo jenereta zinaitumia hadi leo. Yule mteja hakujenga maabara. Alitoa tiketi. Wewe unaweza kulipia nauli ya safari ya kwenda jumba la makumbusho, au kumkaribisha mwanafunzi kazini kwako kwa siku moja aone unachofanya.

Na ujuzi wako je? Mhasibu anayekagua vitabu vya asasi bila malipo ameokoa fedha za vipindi vingi. Mwenye lugha anaweza kuandika maelekezo ya majaribio kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ukiambiwa ulete wadhamini na historia yako ichunguzwe kabla hujakaa na watoto, usikasirike. Mimi asasi isiyouliza hayo nisingeipa hata senti. Nawe uliza: imesajiliwa? Hesabu za mwaka jana ziko wapi? Risiti inatolewa? Wanaofanya kazi vizuri hawakwepi maswali hayo.

Zile hadubini zetu hazikuponywa na mfadhili. Alikuja fundi umeme, mzazi wa mmoja wa watoto, akiwa na bisibisi na mfuko wa taa ndogo za LED. Alikaa nazo alasiri moja. Jumamosi iliyofuata binti mmoja aliinamia lenzi, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akafuta mchoro aliokuwa amenakili ubaoni, akaanza kuchora upya.