Ziwa Hili Lina Friji?

Kwanza nisahihishe uvumi kuhusu ile video yangu ya samaki sokoni. Sikutumbukia ndani ya beseni. Ni mguu mmoja tu ulioingia, wa kushoto, tena hadi kwenye kifundo. Wala sikulia, lile lilikuwa gamba lililoniruka jichoni. Na yule mama hakunifukuza na kisu. Kisu kilikuwa mkononi mwake tangu alfajiri kwa sababu kazi yake ni kupara samaki.

Nayasema haya mapema kwa kuwa rafiki yangu, yule mwenye boda ya bluu, simtaji jina maana hastahili, ameshaizungusha hadithi yake Kisumu nzima, kuanzia Kondele hadi Nyamasaria, na kila stendi inaongezwa maji. Jana jioni mteja kaniuliza kama ni kweli niliopolewa na wavuvi.

Mnajua wiki tatu hizi nimewapigia kelele humu kwamba naanza kuandika kwa dhati, jambo moja tu, kila Alhamisi, na kwamba mada iko njiani. Haikuwa njiani. Haikuwa hata imevaa viatu. Nilikuwa na daftari la mraba na orodha iliyofutwafutwa hadi karatasi ikatoboka. Mapenzi: nimeachwa mara mbili, na mtu yule yule. Soka: mimi ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, na ninaishi Kisumu kati ya watu wa Gor Mahia, mahasimu wetu, bado nayapenda meno yangu. Mafahali wa kupigana wa Ikolomani: kweli nimewaona tangu utotoni, lakini nikiwa juu ya mti. Kuku: hapana. Mtu wa Kakamega kuandika kuhusu kuku ni kuwapa watu kile wanachokisubiri, na nina heshima zangu.

Simu pia ilikuwemo. Nimetengeneza simu miaka tisa. Niliifuta kwanza kabisa. Nani atakaa chini asome habari za skrubu?

Basi huyu wa boda akaniambia, "Omera, ndugu yangu, uko kando ya ziwa. Andika samaki." Nikaona nuru. Samaki nawala kila siku! (Ndiyo, najua. Najua sasa.)

Usiku huo sikulala, nilisoma. Nikajua ziwa letu la Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na Kenya tuna asilimia 6 tu hivi, zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Nikajua mbuta, yaani sangara, aliletwa humo miaka ya 1950 na akawamaliza fulu, wale samaki wadogo wa asili, bila huruma. Nikakariri dalili za samaki freshi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE: macho angavu yaliyotokeza, mashavu mekundu kwa ndani, nyama ukiibonyeza inarudi. Asubuhi nikavaa shati la mikono mirefu na viatu vyeupe nilivyochagua soko la Kibuye Jumapili. Hivyo viatu mvikumbuke.

Mpango ulikuwa ufukwe wa Dunga, mashua zikitia nanga, mimi nimesimama kando ya wavuvi kama mjukuu wao. Lakini ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ya ufukweni ni tope. Nikatazama viatu. Viatu vikanitazama. Nikamwambia wa boda, "Samaki ni samaki, tutafute kibanda hapa mjini."

Tukakipata. Mama mmoja mtu mzima, leso kichwani, meza ya mbao, samaki wamepangwa, beseni kubwa la maji chini. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwomba ruhusa ya kumchukua samaki mmoja nimshike kidogo. Akasema shika, mradi unarudisha. Rafiki yangu akaelekeza simu yake kwangu, akahesabu vidole vitatu, tukawa hewani. Watu arobaini na mmoja! Nusu yao ukoo wangu, lakini watu ni watu.

Sasa naomba twende polepole hapa, maana hapa ndipo ninapoamkia saa tisa za usiku.

Nikamwinua ngege, yaani tilapia, kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kombe. Nikasema, "Ndugu zangu, huyu ni ngege halisi wa Ziwa Victoria. Ametoka majini asubuhi hii."

Nikasikia yule mama akikohoa. Nikadhani ni moshi.

Nikaendelea. "Tazameni macho." Wa boda akasogeza simu. Macho yalikuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha matatu wakati wa mvua. Mtu mwenye akili angerudi nyuma hapo. Mimi nikasema, "Mnaona alivyolegea? Ametoka tu kuamka." Nilisema hivyo. Video ipo.

Nikafunua mashavu. Rangi ya chai ya maziwa. Nikayafunga haraka, nikahamia kimo. "Na mwone wenzake pale mezani. Wote sawasawa kama wanafunzi wa gwaride. Hiyo ndiyo baraka ya ziwa letu." Mama akakohoa mara ya pili. Muuza nyanya wa jirani akaacha kupanga nyanya.

Kisha maji yakaanza kunitiririka mkononi, yakapita kiwiko, yakaingia kwapani. Baridi! Baridi ya kuuma mifupa. Na mimi, kwa sauti ya mtu anayefunga mahubiri, nikasema maneno ambayo sasa yameandikwa kwa chaki kwenye ubao wa stendi ya boda: "Mguseni muone, bado ana baridi ya ziwa!"

Soko likanyamaza. Yule mama akaweka kisu chini, taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Nyathina," yaani mwanangu, akasema, kwa upole ule unaoumiza kuliko tusi, "ziwa hili lina friji?"

Sikuelewa. Nilitabasamu hata.

"Huyo ni wa China."

"China gani, mama?"

"Kwani ziko ngapi?" Akainama, akavuta kutoka chini ya meza katoni yenye barafu pembeni na maandishi ya kule juu, akaigeuza vizuri ielekee simu, maana alishajua kamera iko wapi kuliko mimi. "Ametoka kwa barafu saa kumi na mbili. Mimi sijamdanganya mtu. Anayeuliza, namwambia. Wewe hukuuliza, ulihutubu."

Muuza nyanya akakaa chini kabisa, ardhini, akicheka bila sauti. Wa boda alikuwa anatikisika hadi picha ikawa kama ya tetemeko, lakini je, alizima simu? Thubutu. Kwenye skrini nikaona ujumbe wa senje, shangazi yangu, kutoka nyumbani unapanda: "Mwana wa ndugu yangu, rudi kwa kuku."

Nikataka kumrudisha samaki mezani kwa adabu. Samaki aliyeyeyuka anateleza. Akaniponyoka, nikainama kumdaka, simu yangu ikachomoka mfuko wa kifua, nikaacha samaki nikafuata simu, mguu ukakosa ardhi. Chubwi. Simu, samaki na kiatu cheupe, wote katika beseni moja lenye matumbo ya tangu asubuhi. Gamba likanipata jichoni hapo. Narudia: gamba.

Na nikapiga kelele, "Mchele! Nileteeni mchele!"

Mimi. Fundi. Ambaye kwenye kibanda changu nimebandika karatasi nimeiandika kwa mkono wangu: USIWEKE SIMU KWA MCHELE. Mchele haufiki chini ya chipu, unaacha unga kwenye tundu la chaji, na wakati unangojea muujiza, kutu ya kijani inakula bodi. Unazima, huchaji, unaleta kwa fundi anafungua na kusafisha. Wateja nimewagombeza kwa hilo hadi wengine wakahama.

Muuza nyanya alinipa mchele. Kilo moja. Nililipa.

Mengine hayana haja. Nilimlipa mama samaki wake, akanipunguzia, akasema kwa utaratibu kwamba wa ziwani siku hizi ni wachache na bei yao si ya kila mtu, nisimwone mbaya. Ero kamano, mama. Nikapanda boda na kiatu kimoja kinalia chwa-chwa. Simu nikaifungua usiku, nikaiosha kwa spiriti, imewaka. Spika ndiyo bado inaongea kama mtu aliye chini ya maji.

Nilijaribu pia kujitetea kwenye maoni: nikaeleza kwamba hata yule ngege tuliyemzoea zaidi ziwani leo naye aliletwa miaka ya 1950, kwa hiyo ni mgeni kama huyu wa katoni, tofauti ni tarehe ya kuwasili tu. Ni kweli kabisa. Hakuna aliyejibu isipokuwa mmoja aliyeniuliza kama huyo naye alikuwa ametoka tu kuamka.

Alhamisi ni kesho na mada sina. Leo asubuhi wameshakuja wateja wanne wenye simu zilizolowa, wengi kuliko wiki yote iliyopita. Wa kwanza alikuwa kijana wa chuo. Nikamuuliza kama kawaida imeingia maji gani, ya mvua au ya sabuni, maana hazisafishwi sawa.

"Ya ziwa," akasema, akaniangalia usoni. "Ama ungependa kwanza uibonyeze, uone kama inarudi?"