Hewa ya Mbeya ni nyepesi: shughulikia boksi la filta kabla ya kununua koni ya wazi

Kwa vijana wenye Subaru, Mark II na Golf GTI hapa Nyanda za Juu Kusini, mabadiliko ya kwanza karibu kila mara ni yale yale. Boksi la filta la kiwandani linang'olewa, koni ya wazi (filta yenye umbo la koni, isiyo na boksi) inafungwa kwenye mpira wa hewa, mlio unakuwa mzito, basi mwenye gari anaamini ameongeza nguvu. Napinga utaratibu huo waziwazi. Kwa mwinuko wetu na vumbi letu, koni ya wazi ndani ya boneti ni hasara kwa gari nyingi, na fedha hiyo hiyo ingeonekana kama ingetumika kuleta hewa baridi na kuziba boksi lililopo.

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapo ni kama kilopaskali 83, wakati Dar es Salaam ni 101. Injini isiyo na turbo inayotoka pwani ikifika Uyole imeshapoteza karibu asilimia 18 ya shinikizo la hewa, hata kama ubaridi wetu unarudisha sehemu ndogo. Hakuna filta inayoweza kufidia pengo hilo. Unachoweza kufanya ni kuzuia hasara nyingine isiongezeke juu yake, na hasara kubwa kuliko zote ni joto. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15, hewa ya nje ni nzito kiasi. Hewa ya chini ya boneti, gari likitambaa nyuma ya malori pale Kitonga, inaweza kufika nyuzi 55. Tofauti hiyo peke yake inapunguza uzito wa hewa kwa asilimia 12, na kompyuta ya injini ikisikia joto inarudisha taimingi ya cheche nyuma pia. Koni ya wazi inavuta hewa hiyo hiyo ya moto.

Wenye turbo hujiona wako salama, lakini kwao kizuizi kabla ya turbo kina gharama zaidi. Chukua busti, yaani shinikizo linaloongezwa na turbo, ya baa 1 hapa Mbeya. Turbo inatoa baa 1.83 kutoka kwenye hewa ya baa 0.83, yaani inakandamiza mara 2.2, ambapo pwani kazi hiyo ni mara 2 tu. Filta na mipira vikiiba baa 0.04 njiani, inabidi ikandamize mara 2.3. Turbo ndogo inazunguka kasi kupita uwezo wake, hewa inatoka na joto zaidi, na intakula, kile kipozea hewa inayotoka kwenye turbo, inaelemewa. Na kwa wenye Forester XT na Impreza WRX: lile tundu juu ya boneti linapooza intakula. Haliingizi hewa kwenye filta, kwa hiyo kulipanua hakusaidii njia ya kuvuta.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia levo. Kata mita 6, upinde kama herufi U kwenye ubao wenye urefu wa mita 1.2, weka maji yenye rangi hadi nusu, na bandika futi ya fundi pembeni. Toboa tundu la milimita 5 kwenye boksi upande wa baada ya filta, unganisha ncha moja hapo, ncha nyingine ibaki wazi. Ubao unakaa ndani ya gari mikononi mwa abiria, umesimama wima, na mpira upite juu zaidi ya ubao kabla ya kwenda kwenye injini ili maji yasivutwe. Barabara ikiwa tupu, kanyaga mafuta hadi mwisho kwa gia ya tatu hadi raundi za juu. Abiria anasoma tofauti ya vimo viwili vya maji. Dereva asiguse wala asiangalie. Kila sentimita 10 ni takriban kilopaskali 1.

Halafu rudia ukiwa umehamisha ncha kwenye upande mchafu wa boksi, kabla ya filta. Tuseme baada ya filta umepata sentimita 40, na kabla ya filta 30. Filta yenyewe inazuia sentimita 10 tu, na ile 30 yote iko kwenye mdomo wa kuvutia hewa na kisanduku cha kuzimia mlio. Ukinunua filta ya bei kubwa hapo umetibu mahali pasipouma. Tundu za majaribio zizibe kwa boliti na silikoni ukimaliza, usiziache.

Tatizo likiwa mdomoni, tengeneza njia pana kutoka nyuma ya shoo ya mbele hadi boksi, kipenyo cha milimita 76 au zaidi, na mdomo wake uwe na ukingo uliopinda kwa nje, maana ukingo mkali unavuruga hewa inapoingia. Bati la alumini linafaa. Mabomba ya plastiki ya maji yaepuke karibu na injini: yanalainika joto likikaribia nyuzi 80. Sehemu kati ya filta na turbo inavutwa kwa nguvu, hivyo mpira laini hapo unabonyea raundi zikipanda. Weka silikoni yenye nyuzi ndani na klipu kila upande. Mpira wa mvuke wa oili urudishe pale pale ulipokuwa, baada ya sensa ya hewa. Mdomo usiushushe chini ya bampa. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na injini ikimeza maji ya dimbwi, fimbo za pistoni zinapinda.

Sensa ya hewa ndiyo inayoua injini za watu. Gari linalopima hewa kwa MAF, yaani sensa ya kiasi cha hewa inayopita, linategemea kipenyo cha bomba ambamo sensa imekaa. Ukiihamisha kutoka bomba la milimita 70 kwenda la 80, hewa inapita pole zaidi na sensa inasoma pungufu kwa karibu asilimia 23. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inajitahidi kusahihisha, lakini ukikanyaga mafuta hadi mwisho usahihishaji huo hautumiki. Petroli inakuwa chache, injini inanoki (mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda), na Subaru zenye injini za EJ zinavunja kingo za pistoni. Basi acha sensa kwenye nyumba yake ya kiwandani, au peleka gari kwa anayeweza kurekebisha programu kwa kutazama vipimo. Injini ya 1JZ-GTE ya VVT-i, iliyo kwenye Mark II ya JZX100, inapima kwa MAP, yaani sensa ya shinikizo la hewa, kwa hiyo haina shida hii.

Filta ya karatasi inatosha kabisa kwa vumbi letu la kiangazi, ikibadilishwa mapema. Ukitaka ya pamba, ioshe, iache ikauke yenyewe bila kompresa, tia mstari mmoja mwembamba wa oili juu ya kila mkunjo, subiri dakika 20, ongeza pale palipobaki peupe tu. Oili nyingi inahamia kwenye waya wa MAF na kuharibu usomaji. Paka grisi kidogo kwenye mpira wa ukingo wa filta, funga klipu zote za boksi, na baada ya wiki moja ya barabara za vumbi futa ndani ya bomba la baada ya filta kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu, kuna mahali panavuja, na vumbi hilo tayari linasaga mapanga ya turbo na ringi.