Waliotoka Kundini

Usiku wa tarehe 11 Agosti 2017, tume ya uchaguzi ya Kenya ilipomtangaza Uhuru Kenyatta kuwa mshindi, watu saba walitoka katika kundi letu la WhatsApp kabla ya alfajiri. Ni kundi la tuliosoma pamoja sekondari Mombasa: Waswahili, Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu. Halikuundwa kwa ajili ya siasa. Liliundwa kwa michango ya matanga na harusi, na mimi ndiye mweka hazina. Nakumbuka majina yakipita katikati ya skrini, fulani katoka, fulani katoka, na mwenzetu mmoja akiuliza, "Jamani, mnaenda wapi?" Hakujibiwa.

Miaka miwili baadaye mmoja wa wale saba alifiwa na mamake. Habari zilitufikia siku ya tatu, mazishi yameshapita. Mama yule alikuwa akitupa mahamri tukipita kwake jioni kutoka shule. Hatukumchangia, wala hatukumzika.

Kwa hiyo ninaposoma mabishano ya wataalamu kuhusu kama mazungumzo ya mitandaoni yanawagawa watu kisiasa au yanawapatanisha, siyasomi kwa utulivu. Nina jibu ninalolitaka, na ndiyo sababu nimejilazimisha kuzisikiliza pande zote mbili.

Kwanza tuelewane mgawanyiko ni nini. Watafiti hutenganisha vitu viwili: kutofautiana kimawazo, yaani wewe unataka kodi ipande na mimi nataka ishuke, na kuchukiana, yaani sitaki mwanangu aolewe kwenu kwa sababu ya mliyempigia kura. Kwetu Kenya kile cha kwanza ni kidogo. Ukizisoma ilani za vyama utashangaa zinavyofanana. Kinachotuumiza ni cha pili, nacho kimeshonwa kwenye kabila.

Wanaosema mitandao inawagawa watu wana hoja nzito. Marekani, kabla ya uchaguzi wa 2018, wanauchumi wakiongozwa na Hunt Allcott waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Waliofunga walipungukiwa na habari za siasa, lakini misimamo yao ilisogeleana kidogo na walijisikia nafuu maishani. Mwaka huohuo Chris Bail na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walilipwa wafuate, kwa mwezi mmoja, akaunti ya Twitter iliyosambaza maneno ya upande wasioupenda. Ungedhani wangelainika. Wafuasi wa chama cha Republican walizidi kuwa wahafidhina, na wale wa chama cha Democratic hawakusogea kwa kiasi cha kuhesabika. Kumsikia tu mpinzani, basi, hakutoshi. Ukimsikia kwa kelele na kejeli, moyo unazidi kufunga.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Levi Boxell, Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro walionyesha mwaka 2017 kwamba huko Marekani mgawanyiko ulikua kwa kasi zaidi miongoni mwa wazee, watu wanaotumia intaneti kidogo kuliko wote. Kama simu ndiyo mchawi, mbona anamroga asiyeishika? Kisha Julai 2023 zikatoka tafiti kubwa zilizofanywa Facebook na Instagram wakati wa uchaguzi wa 2020. Watu waliondolewa kwenye mpangilio wa algoridhimu, yaani kanuni za kompyuta zinazomchagulia mtu cha kuona, wakaonyeshwa machapisho kwa kufuata wakati yalipowekwa, kwa muda wa miezi mitatu. Walipungua kukaa mtandaoni, lakini chuki yao kwa upande wa pili haikubadilika kwa kiasi cha kupimika. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayaisafishi kampuni yenye mitandao hiyo. Aliyekunywa maji ya chumvi miaka kumi hatapona kwa glasi tatu za maji baridi. Hata hivyo yanatuzuia kusema kwamba kitufe kimoja kikibadilishwa, watu watapatana.

Jaribio lililonibadilisha mimi halikufanywa Marekani. Lilifanywa Bosnia na Herzegovina, Julai 2019, katika siku za kuwakumbuka Waislamu wa Bosnia waliouawa Srebrenica mwaka 1995. Siku hizo mitandao ya kule hujaa uchungu na lawama. Nejla Asimovic na wenzake waliwaomba baadhi ya watumiaji wafunge Facebook kwa muda huo, na matarajio ya wengi yalikuwa kwamba waliofunga wangetulia. Ilikuwa kinyume: waliofunga waliyaona makabila mengine kwa jicho baya zaidi kuliko waliobaki. Na hali hiyo ilionekana hasa kwa waliozungukwa na watu wa kabila lao tu. Kwa mtu wa namna hiyo, Facebook, pamoja na matusi yake yote, ndiko alikokuwa akimwona jirani wa kabila lingine akisherehekea mtoto au akilalamikia bei za vitu. Ulipofungwa mlango huo, alibaki na wenziwe na hadithi zao.

Hapo ndipo nilipowaona wale saba wetu. Walipotoka hawakutoka mitandaoni. Walihamia kundi lao wenyewe, la watu wa upande mmoja, na huko hapakuwa na wa kuwaambia, "Ndugu yangu, hilo si kweli." Sisi tuliobaki nasi tulijiachia. Nilipoyarudia mazungumzo ya Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi ule, niliona aibu kwa tuliyokuwa tukiyaandika baada ya wao kuondoka. Hakuna aliyetuzuia.

Lakini tusiisingizie simu dhambi za jukwaani. Watu walifukuzwa makwao na kuuawa Bonde la Ufa mwaka 1992, na hapa Likoni mwaka 1997, wakati wengi wetu hatukuwahi kuiona kompyuta. Vita vya 2007 na 2008, vilivyoua zaidi ya watu 1,100, vilichochewa na mikutano, redio za lugha za kikabila na ujumbe mfupi wa simu. Neno "madoadoa", lililotumika tangu miaka ya tisini kuwaita watu wa makabila mengine uchafu wa kuondolewa, lilirudi Januari 2022 kupitia kinywa cha seneta kwenye mkutano wa hadhara Eldoret. Mitandao ililisambaza kabla jua halijatua, ni kweli, na ni mitandao hiyohiyo iliyompigia kelele hadi akakamatwa kesho yake. Miezi mitatu baadaye Tume ya Utangamano ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Umbo la mahali pa mazungumzo lina maana pia. Mradi wa Umati, ulioendeshwa Nairobi na mashirika ya teknolojia ya iHub na Ushahidi kuelekea uchaguzi wa 2013, ulikusanya maneno ya uchochezi ya mtandaoni na kukuta mengi mno yako Facebook na machache sana Twitter. Watu walikuwa walewale, Wakenya. Tofauti ni kwamba Twitter aliyetoa tusi alikemewa na wenzake mbele ya umma mpaka akafuta. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka fomu za matokeo za vituo vya kura 46,229 hadharani mtandaoni. Katika kundi letu, jioni ile ya Agosti 15, mwenyekiti wa tume akitangaza mshindi katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, huku makamishna wanne wakiyakana matokeo hotelini, watu walibishana wakiwa na fomu mkononi: "Nionyeshe kituo gani." Hatukukubaliana. Safari hii, hata hivyo, hakuna aliyetoka. Na Juni 2024 vijana walioupinga Muswada wa Fedha waliukataa ukabila waziwazi, wakafafanua vifungu vya muswada kwa Kiswahili na lugha za mama, wakazungumza maelfu kwa maelfu moja kwa moja kwenye X, yaani Twitter ya zamani. Wapo waliojaribu kuwarudisha kwenye makabila yao. Kwa wiki kadhaa walishindwa.

Kasoro kubwa ya utafiti huu wote ni mahali unapofanyika. Wanapima Facebook na X kwa sababu huko data ilipatikana, ingawa sasa nayo inabanwa: Twitter iliwafungia watafiti njia ya bure ya kupata data mwaka 2023, na Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, ikakizima CrowdTangle, chombo cha kufuatilia machapisho, Agosti 2024. Siasa ya Mwafrika Mashariki iko WhatsApp, na WhatsApp imefungwa kwa ufunguo ambao hata mwenye kampuni hasomi. Sitaki ufunguliwe, faragha ile inawalinda watu. Lakini huhitaji kusoma maneno ya mtu ili kumwuliza ulitoka kundi gani, lini, nani alikufuata, na je, umerudi. Maswali hayo yanaulizwa mlangoni kwa karatasi na kalamu, na ningependa vyuo vyetu viyaulize kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, katika makundi ya misikiti na makanisa, ya wazazi wa shule, ya vyama vya akiba. Makundi hayo watu hawakuyachagua kwa siasa, na ndiyo mahali pachache ambapo mtu bado anadaiwa mchango na asiyempigia kura mtu wake.

Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na mpinzani wake, Raila Odinga, walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu usiku ule wa wale saba kutoka kundini. Wenye ugomvi walikuwa wameshacheka pamoja mbele ya kamera, na watu wetu saba walikuwa bado nje.

Baada ya msiba ule nilimtafuta aliyefiwa, nikaenda kwake na tulichokusanya, tukiwa tumechelewa wiki mbili. Alinikaribisha chai. Hatukuitaja siasa hata kidogo. Nilipoinuka kuondoka alinyosha simu yake na kusema, "Haya, nirudishe." Wanne wengine wamerudi mmoja mmoja tangu hapo. Wawili bado hawajarudi, na namba zao ninazo.