Karatasi ya Jumatatu

Jumatatu yangu ya pili chuoni huku ugenini nilirudishiwa karatasi yenye alama 6 kati ya 20. Maswali yalikuwa manne tu, ya takwimu, nami nilikuwa nimeyajibu kwa mbwembwe zote za mtu aliyekuja na shahada mkononi. Pembeni mwa swali la pili msahihishaji, mwanafunzi aliyenitangulia mwaka mmoja, aliandika kwa penseli: "Mstari huu umeutoa wapi?" Niliutazama muda mrefu. Nilikuwa nimeutoa kwenye desa, zile notisi za kurithishana. Niliukariri miaka minne nyuma, ukanivusha mtihani, na hakuna aliyewahi kuniuliza unatoka wapi.

Watu wa nyumbani wakiniuliza chuo cha huku kina nini, wanategemea nitaje maabara na maktaba. Maktaba ni nzuri, sikatai. Ila kilichonibadilisha mimi ni zoezi la kila wiki. Linatolewa Jumanne, linakusanywa Jumatatu saa sita mchana, na usipofikisha nusu ya alama za mazoezi yote, mtihani wa mwisho utausikia kwa wenzako.

Sisi nyumbani tulisoma kwa mafuriko. Wiki za mwanzo chuo kimelala, katikati tesiti mbili za kuokoteza alama, halafu UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikinusa tu, kila mtu macho mekundu. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akiloweka miguu kwenye beseni la maji baridi usiku kucha asisinzie, desa liko magotini, na mara nyingine lilikuwa linaloa. Na tulijisifia! Kupiga msuli wiki moja ukatoka na B ilikuwa ni ujanja. Kutetemeka mikono asubuhi ya mtihani hakukuzungumzwa, wala aliyekuwa anatapika chooni. Ukidisko, yaani ukifeli mpaka ukaondolewa chuoni, umedisko kwa sababu ya saa tatu za siku moja.

Wapo wanaodhani mazoezi ya wiki ni ya wanafunzi waliozoeshwa mteremko. Kumbukumbu ya binadamu haina utaifa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: ulichojifunza huvuja upesi sana mwanzoni, na kurudia kwa siku tofauti kunashinda kushindilia kwa mkupuo. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunika karatasi na kuandika lililokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, wenzao 42. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Zile dakika tano ndizo UE zetu. Unasoma mpaka mlangoni, unaingia, unamwaga, unatoka mtupu.

Na hofu je? Haijaisha. Imekatwa vipande. Inakuja Jumapili jioni, inanisumbua, na Jumatatu mchana imekwenda zake. Kosa langu la pale juu lilinigharimu alama chache, wiki ya pili, nikiwa bado na muda wa kwenda kumuuliza mtu. Lingesubiri mtihani wa mwisho lingenipa sapu, mtihani wa marudio. Nilipoingia kwenye mtihani huo nilikuwa nimeshakosea mara nyingi mno kwa bei nafuu, na kwa mara ya kwanza maishani nililala usiku wa kuamkia mtihani.

Nisiupambe sana utaratibu huu. Masomo matano yakipanga kukusanya siku moja, Jumapili inageuka adhabu. Watu wanaigilizia pia, na mimi nimeigilizia, wiki niliyougua mafua. Wala simlaumu mhadhiri wa nyumbani mwenye wanafunzi mia nne na hana msaidizi; atasahihisha saa ngapi? Lakini si lazima asahihishe yote. Kuna mwalimu huku anatoa maswali manne na kusahihisha moja tu, bila kusema lipi. Inabidi uyafanye yote. Mwingine anatubadilishia karatasi tusahihishane darasani, robo saa imetosha. Hayo hayahitaji bajeti ya wizara.

Kwa sasa nimeanza na niliye naye. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili nyumbani, na kila Ijumaa namtumia maswali matatu kwa WhatsApp kutoka kwenye muhtasari wa kozi yake. Mwanzoni alinijibu kwa kikatuni kinachosinzia. Wiki iliyopita, saa nne usiku, iliingia picha ya ukurasa wa daftari, umefutwafutwa mpaka karatasi imechanika kidogo. Chini yake aliandika: "Kaka, la tatu sijalimaliza, usinipe jibu."