Gemu za Filamu: Kabla ya Kumlaumu Fundi

Kwenye kumbi za gemu za Kisauni na Majengo, Mombasa, diski yenye jina la filamu kubwa haikawii kuchosha watu. Wiki ya kwanza vijana wanagombania pedi. Ya pili, mwenye ukumbi anarudisha gemu ya mpira, maana hiyo ndiyo inayomlipia stima. Hukumu nayo huwa moja: waliotengeneza ni wavivu. Mchezaji ana haki ya kukasirika, kwa kuwa alilipia jina analolipenda akapewa kitu kibichi. Lakini lawama inamwangukia fundi, mtengenezaji wa gemu, aliyekuwa na uamuzi mdogo kuliko wote.

Chukua E.T., gemu ya kampuni ya Atari ya mwaka 1982 kutokana na filamu ya kiumbe wa anga mwenye jina hilo, inayotajwa karibu kila mara gemu mbovu zinapotajwa. Makubaliano ya leseni, yaani ruhusa ya kutumia jina la filamu, yalikamilika mwishoni mwa Julai. Fundi wa Atari, Howard Scott Warshaw, akatakiwa aikabidhi Septemba 1, ili viwanda viwahi kutoa kaseti kabla ya Krismasi. Wiki tano! Gemu zake mbili za awali, Yars' Revenge na Raiders of the Lost Ark, kila moja ilichukua miezi sita au zaidi. Ni sawa na kumkabidhi mpishi mbuzi mzima saa sita, na wageni wa harusi wanataka biriani saa saba.

Ndani ya wiki hizo tano ilibidi gemu ibuniwe, iandikwe na ikamilishwe, kwenye mashine yenye kumbukumbu ya baiti 128 tu. Kilichokatwa ni majaribio, na ndiyo maana watu wanakumbuka mashimo: E.T. anaanguka, anapanda, anaanguka tena. Chanzo chake ni kidogo mno. Programu ilikagua kama nukta yoyote ya mwili wake imegusa shimo, hata ya kichwani, ilhali mchezaji anaangalia miguu. Miaka mingi baadaye mashabiki waliirekebisha kwa kubadili baiti chache. Kasoro kama hiyo ingeonekana siku ya kwanza ambayo mgeni angepewa gemu aijaribu. Inaripotiwa kwamba Atari ililipa zaidi ya dola milioni 20 kwa leseni, kisha ikatoa kaseti zipatazo milioni 4. Nyingi zilibaki bila mnunuzi, na nyingine zikazikwa jangwani Alamogordo, Marekani. Pesa za jina zilipatikana. Wiki mbili za majaribio hazikupatikana.

Linganisha na GoldenEye 007, gemu ya filamu ya James Bond. Filamu ilitoka Novemba 1995, gemu Agosti 1997. Kikundi kidogo cha kampuni ya Rare, wengi wao wakiwa hawajawahi kutengeneza gemu, kilichelewa karibu miaka miwili na kikaachwa kichelewe. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni 8.

Hata hivyo, muda peke yake hautoshi. The Lord of the Rings: Gollum, ambayo msingi wake ni kitabu badala ya filamu, iliahirishwa, ikatoka Mei 2023 na bado ikawa mbovu, wiki chache baadaye Daedalic, kampuni iliyoitengeneza, ikafunga idara yake ya kutengeneza gemu. Na kuna makosa ambayo ni ya fundi kabisa. Katika Aliens: Colonial Marines, gemu ya mwaka 2013 kutokana na filamu za Alien, neno moja la Kiingereza kwenye faili ya mipangilio liliandikwa "teather" badala ya "tether". Kwa herufi hiyo moja ya ziada, amri iliyowapangia viumbe nafasi za kushambulia haikufanya kazi, wakawa wanamkimbilia mchezaji mbele kwa mbele kama vipofu. Kosa hilo lilijulikana sana mwaka 2018, miaka mitano baadaye.

Hapo ndipo malalamiko ya mchezaji wa Mombasa yana uzito. Mwenye kompyuta aliweza kufungua faili ile na kufuta herufi. Mwenye diski ya mashine ya PS3 hakuwa na njia. Hata leo, marekebisho huja kwa gigabaiti nyingi, na ukumbi unaotegemea bando hubaki na toleo lile la siku ya kwanza. Kabla ya kununua, tazama tarehe: gemu ikitoka wiki moja na filamu yake, subiri miezi miwili, kisha muulize muuzaji ukubwa wa marekebisho na umwombe aiwashe uicheze dakika kumi na tano.